Zamu ya Bwawani

2 Machi

Mdogo wangu Bobini,

Marahaba, maana najua hujaniamkia bado. Huku tuko wazima kwa mafungu: shemeji yako mgongo, mimi masikio, Baba kichwa. Ukituunganisha watatu unapata mtu mmoja mzima, na huyo ndiye anayepika. Shemeji yako bado anatengeneza baiskeli za watu chini ya ngazi, na bado anafuta grisi kwenye taulo langu. Anakusalimu sana. Alipiga ile namba uliyotuachia, akapokea mwanamke asiyekujua wala hataki kukujua. Basi itakuwa barua. Kwangu simu ni pambo tu, masikio yangu niliyaacha kwenye mashine za kufuma, na vimeseji vya maneno matatu sivitaki. Niandikie kama mtu.

Nimepata kazi kiwandani. Kaa chini, hakijafunguliwa. Wamekifanya makumbusho. Watu wanatoka mbali kuja kupiga picha dohani na zile kuta za matofali mekundu, na mimi napangusa vumbi kwenye mashine zile zile nilizozisimamia miaka kumi na tatu. Wamezizungushia kamba. Juzi binti mmoja wa kuongoza wageni alinieleza uzi unavyopita, nikamsoma midomo mpaka mwisho, nikamwambia asante mama. Halafu nikaenda kucheka chooni mpaka machozi.

Sasa Baba. Anaamka asubuhi, anavaa ovaroli, anakwenda mpaka lango la kiwanda na kumwuliza mlinzi nani kachukua kadi yake. Mara nne mwezi uliopita. Daktari alimpima akasema mapafu yamejaa vumbi la pamba la miaka arobaini, hilo halina dawa, na kichwa nacho kinachoka. Akasema mtoe nje, atembee, apate hewa safi. Nikafikiri, hewa safi mji huu iko wapi? Halafu nikakumbuka msitu.

Unaukumbuka msitu wa juu ya mji, ule wa kampuni, uliozungushiwa waya ili mtu asichezee maji ya bwawa lao? Sasa ni wa umma, kila mtu anaingia. Getini kuna ubao wenye ramani, njia nyekundu ya wazee na watoto, njia ya bluu ya wenye magoti. Kuna kibanda cha chai. Kuna mtunzaji tunayemwita Bwana Miti, anayehesabu magari jioni kama mama anavyohesabu kuku. Watu wanakuja kukimbia, Bobini! Hakuna anayewafukuza, wanakimbia tu, wamevaa viatu vya rangi za pipi.

Jumamosi nampeleka Baba kwa basi. Tunafuata njia nyekundu dakika ishirini, tukipumzika mara tatu, mpaka bwawani. Pale kwenye mlango wa maji, ule wenye gurudumu la chuma alilokuwa akitumwa kulipaka mafuta, wameweka benchi. Akikaa pale anarudi kuwa Baba. Ananiambia maji yamepungua kiasi gani na nani alikuwa mvivu mwaka gani. Ndipo mahali pekee duniani anapojua yuko wapi.

Jumamosi iliyopita aliniuliza, Bobini yuko wapi? Nikasema yuko kazini. Akasema, zamu gani hiyo ya miaka kumi na moja? Nikamfunga vifungo vya koti.

Daktari anasema mwaka huu ukiisha huenda asitutambue tena. Njoo wakati bado anakujua. Sikuombi kitu kingine chochote.

Dada yako


30 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na tena shikamoo ya ile uliyonidai. Barua yako nimeisoma chumba cha mashine, nimekaa juu ya mfuko wa mataulo, nikacheka mpaka wenzangu wakaniuliza nimekunywa nini. Mimi mzima kabisa. Bado niko dobi, hoteli ile ile kubwa, mashuka mia nne kwa siku, na siku hizi mimi ndiye msimamizi. Ukiniona utanipigia saluti. Simu nilibadilisha, nitawapa namba mpya mambo yakitulia. Kwa sasa andika kwa anwani hii ya dobi, barua zinanifikia.

Nimefurahi kusikia habari za msitu. Sisi tuliingia kwa kupita chini ya waya, unakumbuka? Wewe ulipasua gauni ukasema ni mimi.

Mwambie Baba nitakuja mwezi wa Agosti. Likizo yangu iko pale pale. Mwambie ashike zamu yake bwawani wala asithubutu kuiacha mpaka mimi nije nimguse bega. Mwambie hivyo hivyo, najua atacheka.

Msalimie shemeji, mwambie anunue taulo lake.

Bobini wako


11 Mei

Bobini,

Salamu zako zimefika na shemeji yako amenunua taulo jeusi ili tusigombane tena. Mvua zimeanza, dari la jikoni linavuja pale pale, sufuria lake liko pale pale. Hatujambo.

Nilimsomea Baba barua yako tukiwa bwawani. Si kwa sauti, kwa midomo tu, kama tulivyokuwa tukisemezana kule kiwandani ambako mtu hasikii hata kikohozi chake mwenyewe. Nikafika pale kwenye zamu nikamwangalia nione kicheko. Hakucheka, Bobini. Alisimama, akafunga kifungo cha juu cha ovaroli, akakaa tena akiwa amenyooka. Akasema, "Agosti. Haya, nitangoja."

Wewe hukufanya kazi kule, ulifikia umri wa kazi kiwanda kinafungwa, kwako zilikuwa hadithi za mezani. Kwa Baba ile ilikuwa sheria. Mashine inayozunguka haiachwi. Wa kukupokea akichelewa unasimama hapo hapo, ukiwa na njaa, ukiwa na homa, mpaka mkono wake uguse bega lako. Mke wa mwenzake alipojifungua, Baba alishika zamu mbili mfululizo, na alipofika nyumbani miguu haikuingia kwenye kandambili. Hakuwahi kulalamika. Alijivuna.

Sasa Jumamosi ikifika saa ya kuondoka haondoki. Mara ya kwanza shemeji yako alikuja kunisaidia, akamshika bega, akasema kwa madaha, "Mzee, mimi Bobini, nimekuja kukupokea." Baba alimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kucha zenye grisi. Akasema, "Wewe wa baiskeli. Hata si wa kiwanda." Bwana Miti alicheka mpaka akashika mti. Mimi nilipomgusa alikubali, kwa kuwa mimi nilifuma. Lakini alinikazia macho: "Unanishikia tu, mpaka mwenyewe aje?" Nikasema ndiyo, nakushikia. Ndivyo tunavyomtoa kila wiki, kwa huo uongo mdogo.

Nikuambie ukweli, imenisaidia pia. Zamani nikienda chooni nilimkuta ameshatangatanga karibu na maji. Sasa namwambia tu, "Usiache zamu, Bobini anakuja," na anaganda pale kama amepigiliwa misumari. Naweza kwenda kibandani, nikanywa chai yangu ikiwa moto. Ni mara ya kwanza tangu Mama afariki nakunywa chai moto.

Kwa hiyo usije ukachelewa. Nakwambia na nakusihi. Ulisema kwa mzaha, lakini mwenzio ameshika kazi.

Dada yako


20 Juni

Dada,

Shikamoo. Natumai dari limepona na mgongo wa shemeji pia. Mimi mzima, kazi nyingi, ni msimu wa wageni.

Likizo wanaijadili. Mwambie Baba Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Ndiyo, mwambie hiyo. Nikipata tarehe ya safari nitaandika.

Samahani kwa ufupi, zamu yangu inaanza.

Bobini


7 Septemba

Bobini,

Sina salamu ndefu. Shemeji yako yuko salama. Mimi niko salama. Baba yuko hospitali, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, homa ya mapafu.

Tulingoja barua yenye tarehe ya safari, haikuja. Lakini Jumamosi ya mwisho ya Agosti ilikuja. Baba aliikariri wiki zote hizo, yeye anayesahau kama amekula. Alinyoa ndevu mwenyewe, akajikata mara mbili. Alitaka ovaroli ipigwe pasi. Nikapiga pasi ovaroli, Bobini, na mikunjo ya suruali nikaitia. Saa nne asubuhi alikuwa ameshakaa kwenye benchi, anatazama njia.

Saa saba mvua ilishuka, ile ya baridi, ya kupiga usoni. Watu wote wa msituni walikimbilia kibandani au kwenye magari yao. Baba hakukimbia. Bwana Miti alimfuata na mwavuli, akamvuta mkono, Baba akaushika ule mkono akautoa taratibu kama mtu anayemtoa mtoto kwenye mashine. Akamvuta tena, Baba akakumbatia lile gurudumu la mlango wa maji kwa mikono miwili. Bwana Miti ana nguvu ya kung'oa kisiki lakini aliogopa kumvunja mzee wa watu. Akamfunika koti lake, akaenda kunitafuta.

Mimi nilikuwa mbali kidogo. Nilifika saa kumi na robo. Nilimgusa bega, na bega lilikuwa linatetemeka chini ya koti la Bwana Miti. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Aliniuliza, "Amefika?" Nikasema bado, nakushikia. Ndipo akaachia gurudumu, na vidole havikutaka kukunjuka.

Daktari hasemi mengi. Anasema mapafu yale hayakuwa na nafasi ya kitu kingine. Baba hakubali kulala chali, anakaa wima kitandani na kutazama mlango wa wodi.

Ulikuwa wapi?

Dada yako


28 Septemba

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama.

Unaniuliza nilikuwa wapi. Nilikuwa hapa, nilikuwa napiga pasi mashuka ya watu, ungetaka niwe wapi? Likizo haikutoka. Niliandika, au nilitaka kuandika, sijui, nilidhani mtajua wenyewe kwamba mtu asiyeandika haji.

Lakini na mimi nina swali, na naomba usilirukie. Njia nyekundu ni dakika ishirini. Kibanda kiko getini. Mvua imeanza saa saba, wewe umefika saa kumi na robo. Dada, saa tatu na robo! Mzee wa miaka sabini na saba, mapafu yake unayajua, umempigia pasi, umemketisha pale kwa maneno yangu, ukaenda wapi? "Mbali kidogo" ni wapi? Bwana Miti alikutafuta wapi hata asikuone?

Sikulaumu. Nauliza tu.

Ndiyo, nakulaumu.

Bobini


19 Oktoba

Mdogo wangu,

Wiki ya kwanza baada ya barua yako sikuandika kwa hasira. Ya pili kwa aibu. Shemeji yako aliniambia, "Mwandikie tu, unanikaangia mayai yenye maganda." Basi nakuandikia.

Kila Jumamosi kwa miezi sita nilisimama mbele ya ule ubao nikingoja Baba apumue, na kila Jumamosi nilisoma njia ya bluu. Saa mbili na nusu, inasema, kupitia kilimani. Nimeishi mji huu miaka hamsini na mbili na sijawahi kufika kilimani. Zamani kulikuwa na waya, halafu kulikuwa na zamu, halafu kulikuwa na Mama, halafu Baba.

Asubuhi ile nilijua huji. Nilijua tangu barua yako ya Juni, ile ya mistari sita. Sikuweza kukaa kando yake nikimwona anamtazama kila mtu anayetokea kwenye kona, anainuka nusu, anakaa. Nilimwona akifanya hivyo mara nne. Nikamwambia, "Usiache zamu, Bobini anakuja," nikamdanganya Bwana Miti kwamba niko kibandani, nikaingia njia ya bluu.

Nilitembea peke yangu. Hakuna aliyeniita. Hujui maana yake, wewe hujawahi kuitwa kama mimi. Nilivua viatu kwenye kijito. Nilifika juu nikauona mji wote, paa za kiwanda, mto, dohani ikiwa ndogo kama kipande cha chaki. Nilikaa juu ya jiwe nikala andazi langu lote bila kumgawia mtu. Nilikuwa na furaha, Bobini. Naliandika neno hilo kwa sababu ndilo linaloniua.

Mvua ilinikuta upande wa pili. Kuna kibanda cha miti pale cha kujikinga, nikakuta wanawake watano, wauguzi wa siku ya mapumziko, wana chupa za chai na karata. Wakanisogezea nafasi. Sikusikia walilosema lakini nilisoma midomo, na walikuwa wanasema mambo ya waume zao ambayo siwezi kukuandikia wewe. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nilishinda mara mbili. Niliwaza kuhusu Baba, usidhani sikuwaza. Nikasema mtu mwenye akili atakimbia mvua, na mwenye akili kidogo atakimbizwa na Bwana Miti. Mimi ndiye niliyemfundisha asikimbie, na nilisahau.

Mvua ilipungua mara mbili. Mara zote mbili ningeweza kutoka. Mara zote mbili nilisema, ngoja mchezo huu wa karata uishe.

Sasa unajua nilipokuwa. Na Baba kila nikimletea uji ananiuliza kama umefika. Siku nyingine ananiita kwa jina la Mama, siku nyingine haniiti kitu, lakini jina lako halijamtoka. Daktari anasema ni wiki, si miezi.

Nimekwisha kuvua nguo zote mbele yako. Zamu yako. Miaka kumi na moja, namba za simu tatu, anwani ya dobi. Kwa nini huji?

Dada yako


8 Novemba

Dada yangu,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara tano, karatasi ninazochana naziweka kwenye mashine pamoja na mashuka ili mtu asizione. Ujue nimeogopa kiasi gani.

Mimi si msimamizi. Mimi ndiye ninayetoa mashuka machafu kwenye mifuko. Karatasi zangu za kuishi huku ziliisha mwaka wa tatu. Hoteli inajua na inanyamaza kwa kuwa nafanya kazi ya watu wawili. Simu nabadilisha kwa sababu hiyo, na barua zinakuja dobi kwa sababu hiyo, maana jina langu haliko kwenye mlango wowote. Nikifika uwanja wa ndege wataniuliza karatasi, na nikishatoka sirudi. Si mwakani, si mwaka wa kumi. Sirudi.

Utasema, basi si utoke? Kuna nini huko cha kung'ang'ania, mifuko ya mashuka?

Nina mtoto, Dada. Wa kike, wa miaka minne. Mama yake anafanya kazi jikoni hapa hapa, ana karatasi zake, ni mtu mzuri lakini mkali kama wewe. Sikuwaandikia kwa sababu mngesema mlete tumwone, na mimi ningelazimika kusema haya yote. Ana pua ya Baba. Nikimvalisha soksi anashika bega langu asianguke.

Kila mwaka nilipowaandikia nakuja, siku ile ile ninayoandika nilikuwa nakuja kweli. Halafu narudi nyumbani, mtoto anafungua mlango.

Siwezi kuja. Hilo ndilo jibu, na ningelisema Machi Baba asingenyoa ndevu. Kuhusu wewe na karata, ningekuwa na haki ya kukulaumu kama ningekuwa mtu aliyefika. Naomba unisamehe ile barua.

Mwambie Baba chochote. Mwambie nimekufa, huenda akaiacha zamu.

Bobini


27 Novemba

Mdogo wangu,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako, na mpe mtoto salamu za shangazi yake. Barua yako ilifika juzi. Baba alifariki siku mbili kabla, Jumatatu, saa tisa mchana, na jana tumemzika karibu na Mama. Bwana Miti alikuja akiwa na koti lake lile lile. Wa kiwandani walikuja saba, ndio waliobaki. Hakuna aliyesema kwa sauti, tulisemezana kwa midomo, na watu wa mtaa walidhani tumechanganyikiwa.

Nataka ujue ilivyokuwa, hata kama hutaki.

Siku tatu za mwisho hakulala kabisa. Muuguzi anamlaza, yeye anajiinua, anashika vyuma vya kitanda, anatazama mlango. Pumzi ilikuwa inakwaruza. Nilijua kinachomzuia. Nikapiga magoti kitandani pale, nikamgusa bega, nikamwambia kwa midomo pole pole ili asome vizuri: "Baba, mimi ndiye nimekuja kukupokea. Si kumshikia mtu. Zamu ni yangu moja kwa moja. Nenda kapumzike."

Akanisoma. Alinielewa, Bobini, ile ilikuwa siku yenye akili. Akanipiga piga shavu, akasema, "Wewe wa muda, mama. Wa kudumu yuko njiani." Akageukia mlango.

Hivyo ndivyo alivyokufa, akiwa amekaa. Ilibidi wamlaze wao.

Sikumwambia umekufa. Nisingeweza hata kama barua yako ingewahi.

Sasa nisikilize, na hili silisemi kwa upole, nalisema kwa amri ya dada mkubwa. Usije. Hakuna tena wa kumfuata huku. Mimi nina shemeji yako na makumbusho, na msituni sijarudi, wala sidhani nitarudi. Wewe una mtoto anayekushika bega ukimvalisha soksi. Zamu yako iko huko. Usiiache kwa ajili ya kaburi, wala kwa ajili yangu. Nilikukasirikia miezi minane na sasa hasira imekwisha, sijui imekwenda wapi, kumebaki kuchoka tu.

Nitumie picha yake. Nataka kuiona hiyo pua.

Dada yako


29 Novemba

Dada,

Shikamoo. Naandika kutoka kituo wanapotuweka tunaosubiri ndege. Wamenipa kalamu na karatasi mbili, na askari mmoja mwema ameahidi kuipeleka posta leo. Huenda ikafika siku ile ile nitakayofika mimi.

Tangu nikuandikie kwamba siwezi, nilishindwa kula. Kila shuka nililolikunjua niliona ovaroli yenye mikunjo ya pasi. Jumanne nilijipeleka mwenyewe kwenye ofisi yao. Mtu wa dirishani aliniuliza mara mbili kama nimeelewa ninachofanya. Nikasema nimeelewa. Akapiga mihuri. Nimepigwa marufuku kurudi miaka kumi na mitano, na ndege ni Alhamisi.

Kwa hiyo nakuja, Dada. Safari hii si maneno. Mwambie Baba ajikaze siku chache tu. Mwambie asiniwekee kiti, nitasimama mwenyewe pale kitandani, nitamgusa bega, halafu alale anavyotaka. Kama anaweza kutoka, tutampeleka bwawani kwa baiskeli ya shemeji, tumfunge na mto mgongoni. Nataka na wewe unionyeshe hiyo njia ya bluu. Tutaimaliza wote.

Mama yake mtoto hasemi nami. Alisema neno moja tu, sitaliandika, na lilikuwa la haki.

Mtoto hakuelewa. Aliona nimevaa koti asubuhi, akauliza nakwenda wapi. Nikamwambia nakwenda kumpokea babu kazini, nitarudi jioni. Akaniuliza jioni ipi, nikasema hii hii. Nilipofika chini nikageuka kutazama juu. Alikuwa ameburuta kiti chake kidogo mpaka dirishani, amekaa, amenyooka.

Bobini